Manjano, tangawizi, chai ya kijani: vinazuia kweli saratani kwa mtu mwenye vidonda vya utumbo mpana?

DadaMkubwa

Habari zenu wakuu, naombeni mnieleweshe wenye ujuzi maana nimechanganyikiwa kabisa. Mdogo wangu ana kolaitisi, vidonda kwenye utumbo mpana, sio vidonda vya tumbo hivi tulivyozoea kuvisikia, hii ni ya huku chini kabisa, kuharisha damu na makamasi, kukimbilia choo usiku kucha ikimshika. Anaumwa muda mrefu sasa, anatumia mesalamini, dawa ya kutuliza ukuta wa utumbo, na ikikolea sana wanamuongezea dawa nyingine. Kliniki ya mwisho daktari kamwambia utumbo ukikaa na inflamesheni, yaani kuwaka kwa ukuta wake, miaka mingi unaweza kuja kuleta saratani, kwa hiyo inabidi aanze kipimo cha kuingiziwa kamera kwenye utumbo kila baada ya muda fulani. Tangu siku hiyo mtoto wa watu halali. Kasoma mtandaoni mpaka macho yamevimba, sasa hivi kabatini kwake kuna kopo la kurkumini, kile kiini cha manjano, kopo la chai ya kijani ya vidonge, na jana kaniambia anafikiria kupunguza mesalamini kidogo kidogo kwa sababu eti mimea inafanya kazi ile ile na haina kemikali.

Mi sitaki kumvunja moyo, na sitaki pia aje kuumia. Naomba kujua hivi vitu vina ukweli kiasi gani kwa mtu wa hali yake, sio kwa mtu mzima asiye na tatizo. Kama vina ukweli tule vipi na kiasi gani, na kama ni maneno matupu mniambie wazi ili niongee naye nikiwa na hoja mkononi.

MtuWaMaabara

Dada pole sana kwa kuuguza. Swali lako ni zuri na halina jibu la ndiyo au hapana, ngoja nianzie kwenye hiyo saratani yenyewe inavyotokea maana ukielewa pale utaelewa kwa nini watu wa mimea wana hoja.

Utumbo ukiwaka muda mrefu, seli za kinga zinajazana ukutani na kumwaga sumu zake, zile za oksijeni kali ambazo kazi yake ni kuua vijidudu, sasa vijidudu havipo au ni wale wale bakteria wa kawaida, zinaishia kuchoma DNA ya seli za utumbo wenyewe. Wakati huo huo kidonda kinataka kupona, kwa hiyo seli zinajigawa haraka haraka kuziba pengo. DNA imeharibika halafu seli inajinakili kwa kasi, hapo ndipo makosa yanaporithiwa. Juu ya hayo kuna swichi moja ndani ya seli inaitwa NF-kB, ikiwashwa inaamrisha protini za uchochezi kama TNF na IL-6 zitengenezwe, na pia inazizuia seli zilizoharibika zisife. Mwaka 2004 watafiti walizima sehemu ya swichi hiyo kwenye seli za utumbo za panya, uvimbe wa saratani ukapungua karibu asilimia 80. Ndio maana kila anayetafuta kinga ya saratani ya aina hii anaiwinda NF-kB.

Sasa njoo kwenye mimea. Kurkumini ya kwenye manjano, jinjeroli ya kwenye tangawizi, EGCG ya chai ya kijani, kwesetini ya vitunguu, resveratroli ya maganda ya zabibu, zote ukizimwaga kwenye seli maabara zinaituliza hiyo swichi. Salforafeni ya brokoli inapita njia nyingine, inawasha protini inaitwa Nrf2 ambayo inaamsha ulinzi wa seli dhidi ya zile sumu. Na kwa panya matokeo ni mazuri sana, sitaki kukuficha. Lakini angalia panya wenyewe wanavyofanywa: wanachomwa sindano ya kemikali ya azoksimetheni inayoharibu DNA, halafu wanawekewa DSS kwenye maji ya kunywa inayochubua utumbo, siku chache wanywe, wapumzike, wanywe tena, ndani ya wiki kadhaa wana saratani. Mara nyingi kile kiini cha mmea wanapewa tangu mwanzo kabisa, kwa dozi kubwa, kila siku, kwenye chakula kilichopimwa. Mdogo wako ana miaka ya ugonjwa mgongoni na utumbo wake umeshapitia mengi. Kwa hiyo ukisoma "kurkumini yazuia saratani ya utumbo" cha kwanza tafuta ni nani aliyezuiliwa, mtu au panya.

Kitu kingine ambacho watu wengi hawakijui, saratani inayotokana na kolaitisi haifuati njia ile ya kawaida. Ile ya kawaida huanza na jeni ya APC kuharibika, kinaota kinyama yaani polipu, miaka inapita, polipu inageuka. Hii ya kolaitisi jeni ya p53 inaharibika mapema sana, na mabadiliko yanaweza kuwa bapa yamelala ukutani bila kinyama chochote cha kuonekana. Kwa hiyo hata utafiti uliofanywa kwa watu wenye polipu za kawaida usiubebe mzima mzima ukamwekea yeye.

Kijana_wa_Lishe

Mkuu hapo juu kaeleza vizuri, mi niongezee upande wa binadamu maana upo, ila ni mdogo kuliko watu wanavyodhani.

Kurkumini ndiyo imepimwa zaidi kwa wagonjwa wa kolaitisi wenyewe. Mwaka 2006 kule Japani walichukua wagonjwa 89 ambao ugonjwa umetulia, wote wakaendelea na dawa zao, nusu wakaongezewa kurkumini gramu 2 kwa siku kwa miezi 6, nusu wakapewa vidonge hewa, yaani visivyo na dawa ndani. Kwenye kundi la kurkumini ugonjwa uliwarudia wawili kati ya 43, kwenye kundi lingine wanane kati ya 39. Halafu 2015 ukatoka utafiti mwingine wa wagonjwa 50 ambao mesalamini peke yake ilikuwa haiwatulizi, wakaongezewa gramu 3 kwa siku kwa mwezi mmoja, zaidi ya nusu wakatulia, na wale wa kidonge hewa hakutulia hata mmoja. Hayo ni matokeo ya kuheshimika, mimi siyadharau hata kidogo. Ila dada soma hapo vizuri sana, kwenye tafiti zote mbili mesalamini au ndugu yake ILIKUWEPO. Kurkumini iliongezwa juu ya dawa, hakuna aliyeondolewa dawa. Kwa hiyo mdogo wako akipunguza mesalamini na kuweka kurkumini anafanya kitu ambacho tafiti hizo hazikukifanya.

Na kilichopimwa ni ugonjwa kutulia, sio saratani. Tunaweza kusema utumbo ukitulia hatari inapungua, na ni kweli kabisa inflamesheni ikiwa kidogo hatari inashuka, lakini hakuna aliyefuatilia hao watu miaka 15 akahesabu waliopata saratani na wasiopata. Upande wa kuzuia vinyama, kuna ugonjwa wa kurithi unaojaza polipu mamia kwenye utumbo, FAP. Mwaka 2006 walijaribu kurkumini pamoja na kwesetini kwa wagonjwa watano, polipu zikapungua kwa asilimia 60, dunia nzima ikashangilia. Mwaka 2018 wakarudia kwa wagonjwa 44, safari hii kwa kulinganisha na kidonge hewa, kurkumini gramu 3 kila siku mwaka mzima. Tofauti hakuna. Watano bila kundi la kulinganisha ni wachache mno, ndio maana inabidi kurudia.

Kuhusu kula jikoni sasa. Unga wa manjano una kurkumini kama asilimia 3 hivi. Kijiko cha chai kina unga kama gramu 3, kwa hiyo ndani yake kurkumini ni miligramu 90 tu. Kufikia gramu 3 za kwenye utafiti ungehitaji gramu 100 za unga kila siku, hakuna tumbo la kustahimili hilo wala mdomo wa kumeza. Ndio nasema manjano kwenye mchuzi ni chakula kizuri, ale, afurahie, lakini asihesabu ile kama dozi ya utafiti. Utasikia pia kurkumini "hainyonywi mwilini". Kweli, kwenye damu inafika kidogo sana, ini na utumbo vinaibadilisha haraka. Ila kwa ugonjwa wa utumbo mpana hiyo sio hasara sana maana sehemu kubwa inashuka mpaka huko huko chini inakotakiwa.

Nesi_wa_Kamera

Dada DadaMkubwa nimesoma uliyoandika, hapo kwenye kupunguza mesalamini nimeshtuka. Nafanya kazi chumba cha kamera, naomba uniazime sikio.

Mwambie mdogo wako asiguse dozi kabla hajaongea na daktari wake. Mesalamini sio ya kutuliza kuharisha tu, kwenye tafiti za kufuatilia wagonjwa wengi wanaoitumia wameonekana kuwa na hatari ndogo ya saratani. Na hata hilo la kemikali, mesalamini ipo kwenye ukoo mmoja na salisini ya gome la mti wa Ulaya uitwao willow, ukoo ule ule wa aspirini, kwa hiyo mstari kati ya dawa na mmea haupo pale anapodhani.

Kamera ndiyo kinga yake kubwa. Kwa kolaitisi wanaanza ufuatiliaji kama miaka 8 tangu dalili zilipoanza, isipokuwa mwenye ugonjwa wa mirija ya nyongo unaoitwa PSC, huyo anaanza siku anapogundulika na anarudi kila mwaka. Wengine wanarudi baada ya mwaka mmoja hadi mitano, inategemea utumbo umeathirika kwa urefu gani, umetulia au bado unawaka, na kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kupata saratani hiyo. Kolaitisi ya puru peke yake hatari yake ni ndogo.

Niwape picha kidogo ya tunachofanya. Utumbo ukiwa umesafishwa vizuri ukuta unang'aa, rangi ya waridi, mishipa ya damu inaonekana kama ramani. Kwa mwenye kolaitisi ya muda mrefu ramani hiyo imefutika sehemu sehemu, kuna makovu, kuna vinundu vya kupona ambavyo sio saratani. Daktari ananyunyizia rangi ya bluu ukutani, rangi inatuama kwenye mifereji midogo midogo, na pale ambapo seli zimeanza kubadilika mpangilio wa mifereji unavurugika, unaona kipande bapa kidogo ambacho bila rangi ungepita bila kukiona. Kinanyofolewa, kinapelekwa maabara. Hakuna kidonge cha mmea kinachoweza kuona kile kipande. Na ndio maana tunapenda mgonjwa aje ugonjwa ukiwa umetulia, ukiwaka hata mtaalamu wa maabara anayesoma vile vipande anapata tabu kutofautisha seli zilizokasirika na seli zilizoanza kugeuka.

Halafu hayo makopo. La chai ya kijani ndilo linalonipa wasiwasi zaidi. Kunywa chai ya kijani kikombeni sina neno, lakini vidonge ni chai iliyokamuliwa ikawa nzito. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilitoa taarifa 2018 kwamba EGCG ya vidonge kuanzia miligramu 800 kwa siku inaweza kupandisha vimeng'enya vya ini. Vidonge vya manjano navyo vimeshaleta homa ya ini, Italia 2019 waliripoti kesi kadhaa. Ni watu wachache, lakini wagonjwa wa kolaitisi wengi tayari wako kwenye dawa ambazo ini linafuatiliwa kwa vipimo vya damu, majibu yakiharibika daktari atailaumu dawa wakati mkosaji yuko kabatini. Abebe makopo yote aende nayo kliniki, asiseme tu "natumia virutubisho", ayaweke mezani yasomwe.

Mvumilivu

Mimi nina ugonjwa huo huo wa mdogo wako, na mesalamini nameza. Nawaheshimu wote mlioandika ila naona mmeongea na dada, hamjaongea na mgonjwa. Ukiambiwa mwili wako mwenyewe unaweza kukugeuka, unatafuta kitu cha kufanya kwa mikono yako. Dawa unapewa, kamera unalazwa unaingiziwa, lakini kukata kitunguu na kukwangua tangawizi ni wewe mwenyewe umefanya. Kwa hiyo dada usimnyang'anye hilo. Ukienda na hoja za "hii haijathibitishwa" atakaa kimya na ataendelea kimyakimya, mbaya zaidi mesalamini ataipunguza bila kukuambia.

Halafu mi bado najiuliza, kwa nini vitu hivi havipimwi vizuri? Kampuni ya dawa haiwezi kumiliki manjano, kwa hiyo nani atatoa hela?

MtuWaMaabara

Mvumilivu umenena, hilo la mgonjwa kuwa na kitu mkononi nalikubali kwa asilimia zote.

Swali lako la hela ni la haki. Tafiti za mimea nyingi ni ndogo kwa sababu hiyo hiyo. Ila zipo kubwa zilizolipiwa na fedha za umma. Betakaroteni, ile ya kwenye karoti, kila mtu aliamini inazuia saratani ya mapafu maana wanaokula mboga za rangi hiyo walikuwa wanaipata kidogo. Finland wakaipima kwa wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000, matokeo yakatoka 1994: waliomeza vidonge vya betakaroteni walipata saratani ya mapafu ZAIDI, kama asilimia 18 hivi. Marekani nao walikuwa na utafiti wa namna hiyo, wakausimamisha 1996 kabla ya wakati. Karoti hazikuwa na kosa. Kiini kimoja kimetolewa kwenye mmea, kimeongezwa dozi, kimewekwa kwa watu ambao miili yao tayari ina hatari, kikageuka. Mdogo wake dada naye ni mtu mwenye hatari tayari, ndio maana mimi kwenye chakula nasema ale, kwenye kopo nasema taratibu.

Mfano mwingine wa karibu zaidi na utumbo ni mshubiri. Jeli ya ndani iliyosafishwa ni kitu kimoja, lakini dondoo la jani zima pamoja na ule utomvu wa njano lilipopewa panya lilileta uvimbe kwenye utumbo mpana, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani wameliweka kundi 2B, yaani huenda linasababisha saratani. Mtu anaweza kunywa hiyo akidhani anajikinga.

DadaMkubwa

Nawashukuru mno, nimesoma zaidi ya mara moja. Mvumilivu asante sana, nimebadilisha nilichokuwa nimepanga kumwambia. Sasa naombeni upande wa chakula peke yake, kwa sababu hapo ndipo naweza kusaidia mimi mwenyewe. Kama ni kupika nimpikie nini hasa? Brokoli nasikia sana, nyuzinyuzi nasikia sana, lakini akila mboga nyingi siku nyingine tumbo linamkata.

Kijana_wa_Lishe

Hapa ndipo penye faida ya kweli dada. Kwa watu kwa ujumla, kitu cha kwenye mimea chenye ushahidi mzito kuliko vyote dhidi ya saratani ya utumbo mpana sio kurkumini, ni nyuzinyuzi na nafaka zisizokobolewa. Mwili hauzisagi, zinafika chini nzima nzima, bakteria wanazichachusha na kutengeneza butireti. Butireti ndio chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana, inazishibisha, inatuliza inflamesheni, na kwenye maabara inazisukuma seli zilizoharibika zife. Utafiti mkubwa wa Ulaya wa EPIC 2003 ulionyesha kwamba wale wanaokula nyuzinyuzi kidogo wakiongeza mara mbili hatari ingeweza kushuka kama asilimia 40. Haki ya mungu niseme na upande wa pili, mwaka 2000 Marekani walijaribu kuwabadilishia mlo watu kama 2,000 waliowahi kukatwa polipu, nyuzinyuzi nyingi mboga na matunda kwa miaka 4, polipu zikarudi kama kawaida. Labda miaka 4 ni midogo kwa kitu kinachojengeka maisha yote, hayo ni maoni yangu.

Kwa mdogo wako: ugonjwa ukiwaka, punguza zile nyuzi ngumu, maganda, mbegu, mboga mbichi, mpe laini zilizoiva vizuri na kusagwa. Ukitulia rudisha taratibu, kimoja kimoja, ukiona kimekubali ongeza kingine. Oti na ndizi huwa zinakubali haraka kuliko maharage na kabichi. Kama amewahi kuambiwa utumbo una sehemu iliyobana kwa makovu, hapo lazima uongee na mtaalamu kwanza maana nyuzi ngumu zinaweza kuziba. Nyama za kusindika, soseji na bekoni na jamaa zake, toa kabisa mezani, gramu 50 kila siku zinaongeza hatari kwa asilimia 18 kwa watu kwa ujumla.

Brokoli sasa. Salforafeni haipo ndani ya brokoli ikiwa nzima, ipo malighafi yake, na kimeng'enya cha kuitengeneza kimekaa chumba kingine. Ukikata ndipo vinakutana. Joto linaua kimeng'enya. Kwa hiyo ukikata ukatumbukiza moja kwa moja kwenye maji yanayochemka umeshapoteza sehemu kubwa. Kata vipande vidogo vidogo, viache kwenye ubao kama dakika 40, fanya kazi nyingine, ndipo upike kwa mvuke kidogo tu mpaka viwe kijani kilichokolea. Ukiwa na haraka umeshapika tayari, nyunyizia unga wa haradali juu yake wakati wa kula, haradali ina kimeng'enya kama hicho hicho.

DadaMkubwa

Nimeongea naye jana usiku. Mesalamini hajaigusa na amekubali kutoigusa. Kopo la chai ya kijani ameliweka pembeni, la kurkumini ataenda nalo kliniki amuulize daktari kama anaweza kuongeza juu ya dawa. Ila nimelisoma lile kopo, nyuma wameandika lina "piperini ya pilipili manga kuongeza unyonywaji". Hiyo ina shida?

Nesi_wa_Kamera

Umefanya vizuri kulisoma dada. Hiyo ndiyo ya kumwonyesha daktari kwa kidole. Piperini inaongeza kurkumini kwenye damu, kuna utafiti wa 1998 ulionyesha kama mara 20, lakini inafanya hivyo kwa kuvizuia vile vimeng'enya vya ini na utumbo vinavyoondoa vitu mwilini, na vimeng'enya hivyo hivyo ndivyo vinavyoondoa dawa nyingi. Kwenye hizo kesi za ini zilizotokana na manjano, baadhi ya vidonge vilipopimwa vilikutwa na piperini ndani. Umesema ikikolea wanamuongezea dawa nyingine, basi akumbuke kutaja na hiyo kwa jina lake, maana zipo za kolaitisi kama tofasitinibu ambazo zinapita njia hiyo hiyo. Na aombe kipimo cha damu cha ini kabla hajaanza, halafu kingine baada ya wiki kadhaa. Pilipili manga ya kwenye chakula haina neno.

Kijana_wa_Lishe

Naongezea tu, kwenye zile tafiti mbili za kolaitisi nilizozitaja hawakutegemea piperini. Yeye anaitaka kurkumini ibaki utumboni, sio ikimbilie kwenye damu, kwa hiyo daktari akiruhusu atafute isiyo na piperini.